Konveta ya karavani ya zamani: dalili, chanzo na mahali pa kupima

Kwenye karavani yenye miaka 20 au 30, konveta ndiyo hushtakiwa kwanza. Taa zikififia, ni konveta. Betri ikigoma kujaa, ni konveta. Mtu anaing'oa, ananunua mpya, anaifunga, na taa zinafifia vilevile, kwa sababu ugonjwa ulikuwa kwenye bolti ya ethi (inayofunga waya wa hasi kwenye chuma cha chesisi) iliyokula kutu chini ya sakafu. Mwongozo huu unaanzia kwenye dalili unayoiona, unakupeleka kwenye mita, na hukumu ya konveta inakuja baada ya waya, fyuzi na maungio kuthibitika kuwa mazima.

Konveta hupokea umeme wa AC (unaogeuka mwelekeo, kama wa nyumbani) kutoka plagi ya nje, volti 120 au 230 kutegemea nchi, na kuutoa ukiwa DC (wa mwelekeo mmoja, kama wa betri) ya "volti 12", ambayo kwa kipimo cha kweli ni kati ya 13.2 na 14.4. DC hiyo huendesha taa, pampu ya maji, feni na bodi za friji na hita, na papo hapo huchaji betri. Inveta hufanya kinyume: huchukua umeme wa betri na kuutoa ukiwa AC. Vifaa hivi viwili vikichanganywa kwenye waya hutokea hitilafu yenye sura yake, na nimeitengea sehemu mwishoni.

Konveta za zamani zina transfoma nzito inayovuma, daiodi chache, na mara nyingi rilei (swichi inayoendeshwa na umeme) inayohamisha mizigo kutoka kwa betri kwenda kwa konveta plagi inapochomekwa. Nyingi zina njia mbili za kutoa umeme: moja nene ya taa na vifaa, nyingine nyembamba ya kuchaji betri kwa ampea chache tu. Konveta za kielektroniki za sasa ni nyepesi, zina feni, na njia yao ya kutoa ni moja. Jua kwanza uliyonayo ni ipi, maana dalili ileile ina chanzo tofauti kwa kila aina.

Kabla ya kushika bisibisi

Chomoa plagi ya nje. Zima inveta na jenereta kama zipo. Kisha toa waya wa hasi kwenye betri, na huo ndio utakuwa wa mwisho kurudishwa. Volti 12 hazikupigi shoti, lakini spana ikigusa chanya na chuma cha chesisi kwa pamoja huwa nyekundu kwa joto ndani ya sekunde chache, na pete iliyo kidoleni huwa vivyo hivyo. Vua pete na saa. Konveta ya kielektroniki usiifungue kasha lake hata kidogo: kapasita za ndani hubaki na volti za hatari hata baada ya plagi kuchomolewa. Kama hujazoea umeme wa AC, upande huo mwachie fundi mwenye ujuzi, wewe ushughulike na DC.

Na usiamini rangi za waya. Hili nalisisitiza kuliko yote. Kwenye karavani zilizojengwa Marekani, waya mweusi wa AC ni laivu (unaoleta umeme) na mweupe ni nyutro (unaourudisha). Lakini ndani ya boksi hilohilo, upande wa DC, mweupe huwa hasi na mweusi mara nyingi huwa chanya. Aliyezoea magari anajua mweusi ni hasi, na hapo ndipo anapounguza fyuzi au betri. Kwenye karavani za Ulaya zenye nyaya za kiwango cha sasa, laivu ni kahawia, nyutro ni bluu, ethi ni kijani chenye mstari wa njano. Ongeza wamiliki watatu waliopita, kila mmoja akiwa ameunga kipande chake kwa waya uliokuwa karibu, na rangi inabaki pambo tu. Piga picha kwa simu, pima kila waya kabla ya kuukata au kuufungua, kisha uubandike karatasi yenye jina.

Mwili wa karavani ukikupiga shoti

Dalili hii haisubiri nyingine. Ukigusa mlango au ngazi ya chuma ukiwa umesimama chini na ukasikia mwili unatekenywa, chomoa plagi sasa hivi na usiirudishe. Maana yake umeme unavujia kwenye chuma na waya wa ethi umekatika mahali fulani, ama kwenye plagi, ama kwenye kebo ya nje, ama kwenye soketi unayochukulia umeme. Ethi ikiwa nzima, umeme huo ungerudi kwa njia yake na breka (swichi inayojikata umeme ukizidi) ingekatika. Tafuta mambo mawili, kinachovuja na ethi iliyokatika. Ukiponya moja tu bado uko hatarini.

Vipimo vya msingi

Kipimo cha kwanza ni cha betri iliyotulia: plagi imechomolewa, hakuna mzigo, na saa chache zimepita tangu ichajiwe. Betri ya asidi iliyojaa husoma 12.6 hadi 12.7. Kwenye 12.2 imebaki nusu hivi. Chini ya 12 imekwisha. Ikisoma karibu 10.5 hata baada ya kuchajiwa usiku kucha, seli moja imekufa na hakuna konveta itakayoifufua.

Kipimo cha pili: chomeka plagi, washa taa zote na pampu, kisha pima kwenye ncha za DC za konveta yenyewe. Cha tatu, mizigo ikiwa bado imewashwa, pima kwenye vichwa vya betri. Ncha za mita ziguse risasi ya kichwa, siyo klempu iliyokivaa.

Sasa soma tofauti. Konveta 13.6 na betri 13.5: njia ni nzima. Konveta 13.6 na betri 12.3: konveta inafanya kazi lakini umeme haufiki, basi tafuta fyuzi, breka au waya katikati. Zote mbili 12.3 na zinaendelea kushuka: konveta haitoi kitu. Hapa wengi hudanganyika. Betri ikiwa imeungwa, konveta iliyokufa kabisa itasoma volti za betri kwenye ncha zake, na mtu ataona 12.6 akasema "inatoa". Haitoi. Kipimo chochote cha konveta kinachosema chini ya 13 wakati plagi imechomekwa na mzigo ni wa kawaida kichukulie kuwa ni cha betri mpaka utoe betri na kupima tena. Konveta za transfoma zisizo na kichujio, betri ikitolewa, huweza kuonyesha namba za ajabu. Ziachie taa mbili zikiwaka ndipo usome.

Kuna kipimo kingine ninachokipenda kuliko vyote, maana kinakuonyesha mahali penyewe palipoharibika. Weka ncha moja ya mita kwenye chanya ya konveta na nyingine kwenye chanya ya betri, mizigo ikiwa imewashwa. Namba unayoiona ni volti zinazopotea njiani. Rudia hasi kwa hasi. Ukiona 0.1 au 0.2, endelea na mambo mengine. Ukiona 0.8, sogeza ncha moja hatua kwa hatua, kutoka kiungo hadi kiungo, mpaka namba iporomoke ghafla. Kiungo ulichokivuka sasa hivi ndicho kibovu.

Vifaa vinafanya kazi kwa betri, kwa plagi betri inaisha

Anza na AC. Je, konveta inapata umeme? Baadhi zimechomekwa kwenye soketi iliyofichwa nyuma ya kabati, na soketi hiyo inaweza kuwa imelegea kwa mtikisiko wa safari. Breka yake huenda imekatika katikati bila kuonekana. Izime kabisa kisha uiwashe.

AC ikiwepo, tazama fyuzi za kinga ya betri iliyogeuzwa. Zipo kwenye konveta nyingi za kielektroniki, moja au mbili, mara nyingi za ampea 30 au 40, ama kwenye konveta yenyewe ama kwenye boksi la fyuzi. Kazi yake ni moja: betri ikifungwa chanya kwa hasi, ziungue zenyewe kabla ya konveta. Zinaungua hata kwa mguso wa mara moja uliotoa cheche na ukasahaulika. Zitoe, uzipime kwa mita. Macho hayatoshi, kwa kuwa ufa mdogo chini ya plastiki hauonekani. Weka za ampea zilezile. Zikiungua tena papo hapo na betri imefungwa sawasawa, konveta imepata shoti ndani (chanya na hasi zimegusana), na hapo hukumu inaipata kihalali.

Vifaa vinafanya kazi kwa plagi, kwa betri giza

Hapa konveta ya kielektroniki karibu huwa haina hatia. Fuata njia ya betri: fyuzi iliyo karibu na kichwa cha chanya, swichi ya kukata betri, na breka ndogo ya volti 12 yenye bolti mbili inayofungwa nje kwenye mkono wa kukokotea, palepale panaporushiwa maji na matope ya barabara. Breka hiyo hukatika na kujirudisha yenyewe. Baada ya miaka ya mvua, chuma cha ndani huoza huku nje ikionekana nzima. Ipime ikiwa na mzigo: upande mmoja 12.5, upande wa pili 9, imekwisha. Bila mzigo pande zote mbili zitasoma 12.5 na utaipita. Ni kifaa cha bei ndogo, usikikwangue, kibadilishe.

Konveta ya zamani yenye rilei ina chanzo cha ziada. Chomeka plagi na usikilize: lazima usikie "tak", na ukichomoa, "tak" nyingine. Mlio usiposikika, huenda rilei imeganda upande mmoja. Mlio ukisikika lakini taa zikawaka hafifu upande mmoja tu, vigusio vyake vimeungua. Rilei ya konveta ya umri huo mara nyingi haipatikani tena, na hapa nakubali kwamba kubadilisha konveta nzima ni uamuzi wa busara.

Taa zinafifia na kupepesa

Taa moja ikipepesa, tatizo ni la taa hiyo na swichi yake. Zikipepesa zote, au zikififia pampu inapowaka, tafuta ethi ya DC, yaani maungio ya hasi kwenye chesisi.

Kwenye karavani nyingi za zamani, chesisi yenyewe ndiyo waya wa kurudishia umeme. Betri inafungwa kwenye chesisi mbele, konveta inafungwa katikati, na umeme wote wa DC unategemea bolti mbili. Lala chini uitafute ile ya konveta. Utakuta lagi ya shaba (kichwa cha waya chenye tundu la bolti) imeotwa na unga wa kijani, imebanwa na bolti ya chuma chenye kutu, juu ya rangi nyeusi ya chesisi ambayo haikukwanguliwa hata siku karavani ilipojengwa. Miaka yote hii umeme umekuwa ukipita kwenye meno ya bolti tu. Fungua. Kwangua rangi kwa msasa mpaka chuma king'ae kwa upana wa lagi. Kata ncha ya waya iliyokuwa nyeusi mpaka ufikie shaba nyekundu, bana lagi mpya, funga na waha yenye meno, kaza, kisha paka grisi juu ya kiungo kizima ili maji yasirudi. Pima hasi kwa hasi tena. Mara nyingi namba inashuka kutoka volti nzima hadi karibu sifuri, na karavani inaonekana mpya.

Bora zaidi, vuta waya wa hasi mnene kutoka konveta moja kwa moja hadi kichwa cha hasi cha betri, usiitegemee chesisi. Ukibadilisha konveta, fanya hivyo bila kusita.

Ukiwa chini, angalia na maungio ya DC yaliyosokotwa kwa vifuniko vya plastiki. Vinashika vizuri waya wa nyumba wa shaba ngumu, lakini waya wa nyuzi nyingi hulegea humo kwa mtikisiko. Badilisha kwa viungio vya kubana.

Redio inavuma, taa za LED zinacheza, friji inatoa hitilafu kwa plagi tu

Konveta ya transfoma hutoa DC yenye mawimbi, na ilitegemea betri kuyatuliza. Balbu za zamani hazikujali. Taa za LED na bodi za kisasa zinajali sana. Ukiwa umetoa betri, au betri imechoka, mawimbi hayo yanaingia kwenye kila kifaa.

Weka mita kwenye volti za AC na upime kwenye ncha za DC za konveta. Zaidi ya volti moja ni dalili mbaya. Tahadhari: mita nyingi za bei nafuu, zikiwa kwenye AC, husoma DC safi kama namba kubwa isiyo ya kweli. Geuza ncha za mita. AC halisi husoma sawa pande zote mbili. Ukiona 28 kwa upande mmoja na sifuri kwa mwingine, mita ndiyo inadanganya.

Betri nzima ikiwa imeungwa na mawimbi bado yapo, badilisha konveta. Usianze kununua bodi ya friji.

Betri inachemka na maji yanaisha

Pima kwenye betri baada ya saa kadhaa za plagi. Konveta ya hatua tatu, yaani inayopunguza volti kadiri betri inavyojaa, inapaswa kuwa imeshuka hadi 13.2 au 13.6. Ikibaki 14.4 au zaidi siku nzima, udhibiti wake umekufa, chomoa. Ikiwa ni 13.8 na betri bado inachemka, kosa huenda ni la betri: seli moja ikishoti, zilizobaki hupokea volti zote. Seli hiyo utaijua kwa joto na kwa maji yaliyoshuka kuliko wenzake. Gesi inayotoka ni ya hidrojeni na inalipuka, kwa hiyo fungua madirisha na usitoe cheche karibu.

Umefunga konveta mpya, sasa waya unapata moto

Hili ndilo kosa la hatari zaidi katika kazi hii yote, na linafanywa na watu makini. Ile njia nyembamba ya kuchaji ya konveta ya zamani ilikuwa na waya wa 2.5 mm² tu, na uliitosha, kwa kuwa ulipitisha ampea chache. Konveta mpya ya ampea 45 ina njia moja ya chanya, kwa hiyo mtu anaunganisha nyaya zote mbili za zamani hapo. Betri ikiwa tupu, konveta inasukuma karibu uwezo wake wote kupitia uzi huo.

Piga hesabu. Konveta iko mita 3 kutoka betri, yaani mita 6 kwenda na kurudi. Shaba ya 2.5 mm² ina ukinzani wa takriban omu 0.042 kwa urefu huo. Kwa ampea 45 zinapotea volti 1.9 na kunazaliwa wati 85 za joto, ndani ya ukuta wa mbao na sponji. Kwa 6 mm² upotevu unashuka hadi volti 0.8, ambao bado unaifanya 14.4 ya konveta ifike betri ikiwa 13.6, na betri inachelewa kujaa. Kwa 16 mm² unapoteza volti 0.3 tu. Tumia 16 mm² kwa chanya na kwa hasi, weka fyuzi ya ampea 50 au 60 karibu kabisa na kichwa cha chanya cha betri, na waya wa zamani uondoe au uuzibe ncha zake zote mbili.

Waya wa njia ya zamani ya taa upeleke kwenye baa ya chanya ya boksi la fyuzi, na usisahau kwamba kila saketi lazima ipite kwenye fyuzi yake. Nyaya za AC na DC zisilale pamoja bila kizuizi kati yake.

Usiongeze ukubwa wa fyuzi ili isiungue. Fyuzi inalinda waya, siyo konveta.

Breka inakatika

Ikikatika papo hapo, kuna shoti: tenganisha konveta, jaribu tena, na utajua ni yake au ya waya. Ikikatika baada ya dakika kadhaa, ni mzigo kupita kiasi au kiungo kilicholegea kinachopata joto. Tafuta plastiki iliyobadilika rangi na harufu ya kuungua kwenye skrubu za AC.

Ikikatika ile ya RCD kwenye soketi ya nje, yaani breka inayohisi umeme ukivujia ethi, angalia kama nyutro na ethi zimeunganishwa ndani ya karavani. Aliyezoea nyaya za nyumba huziunga pamoja kwenye boksi kwa mazoea. Kwenye karavani hazitakiwi kugusana: baa ya nyutro isimame peke yake juu ya plastiki, na ethi ishike chesisi. Plagi ikiwa imechomolewa na inveta imezimwa, mita ya omu kati ya baa hizo mbili isionyeshe muungano.

Inveta ikiwashwa, betri inaporomoka bila sababu

Hapa ndipo konveta na inveta zinapochanganywa. Inveta imefungwa ilishe boksi lote la AC, na konveta ni moja ya saketi za boksi hilo. Inveta inachukua umeme wa betri, inaupeleka kwa konveta, konveta inaurudisha kwenye betri, na kila mzunguko unaacha joto. Feni zote mbili zinavuma kwa nguvu huku taa zote zimezimwa. Zima breka ya konveta kabla ya kuwasha inveta. Ukitaka kuacha kukumbuka kila mara, hamisha konveta kwenye saketi inayolishwa na plagi ya nje peke yake.

Ukimaliza kazi yoyote kati ya hizi, chomeka plagi, washa mizigo yote kwa saa moja, kisha chomoa plagi na upitishe kiganja juu ya ganda la nyaya za DC ulizozifunga, pamoja na zile ambazo hukuzigusa. Vuguvugu kidogo si tatizo. Kiungo kinachokufanya uondoe mkono hakikubanwa vizuri. Toa hasi ya betri, ukikate na ukifunge upya kabla ya safari.